uBlock Origin imezimwa kwenye Chrome: kuna njia au nihame?

steshenari_kkoo: Wakuu habari. Kompyuta sita za steshenari Kariakoo, zote Chrome, na uBlock Origin (kiendelezi, yaani programu ndogo ya kivinjari, cha kuzuia matangazo) imezimwa: inaandika tu kwamba haitumiki tena. Intaneti ni ya bando, na video za matangazo zinamaliza GB kabla mteja hajaprinti. Inarudishika?

fundi_waya: Kwenye Chrome, hapana mkuu. Ile sera ya ExtensionManifestV2Availability, ya kuruhusu viendelezi vya mfumo wa zamani (Manifest V2) viendelee, iliyokuwa ikiandikwa kwenye rejista ya Windows ilifika mwisho Chrome 138. Toleo la 139 (2025) likaiondoa. Usibaki na toleo la zamani pia. Halipati marekebisho ya usalama, na mashine za steshenari zinachomekwa flashi za mji mzima.

Zamani kiendelezi kilikamata kila ombi likiwa njiani, kikaamua chenyewe lipite au lisipite. Manifest V3, mfumo mpya wa viendelezi vya Chrome, imekinyang'anya uamuzi huo: sasa kinaikabidhi Chrome kanuni mapema, na Chrome ndiyo inayozuia. Kila kiendelezi kina uhakika wa kanuni 30,000, za ziada vinagombania fungu la pamoja. Ukitaka kubaki, weka uBlock Origin Lite, toleo lake jepesi la Manifest V3, bonyeza alama yake, sogeza kitelezi hadi mwisho. Udhaifu wake ni kwamba kanuni huja na toleo jipya la kiendelezi. Tovuti ikibadili mbinu leo, unasubiri.

dada_linux: Lite inatosha kwa kusoma magazeti. Kwa mashine za wateja ningehamia Firefox, kwani huko njia ya zamani bado iko wazi. Alamisho na nywila za Chrome unazihamisha kupitia Mipangilio. Chukua uBlock Origin kutoka addons.mozilla.org, mtengenezaji awe Raymond Hill. Ile ya "uBlock" tupu, bila Origin, si yake, na wengi huingia mkenge hapo.

Usiweke vizuizi viwili pamoja. Ukurasa ukikwama hutajua kipi kimeufunga. Ukurasa wa malipo ukigoma, bonyeza kile kitufe kikubwa cha kuzima (kinazima kwa tovuti hiyo tu), kisha pakia upya.

mzee_wa_ruta: Mnasahau ruta. Ingia sehemu ya DHCP (inayogawa mipangilio ya mtandao kwa mashine), kwenye DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) andika 94.140.14.14 na 94.140.15.15, za AdGuard, ambazo huzuia majina ya matangazo. Kisha kata Wi-Fi na kuiunganisha tena kwenye kila mashine, la sivyo inaendelea na DNS ya zamani. Simu za Android 9 kwenda juu: DNS ya Faragha, jina dns.adguard-dns.com. Wi-Fi ya hoteli ikigoma kufungua ukurasa wa kuingia, irudishe DNS hiyo kwenye Otomatiki.

dada_linux: Sawa mzee, ila DNS inaona jina la seva tu. Matangazo ya YouTube yanatoka kwenye majina yaleyale ya video, hayo hayakamatiki. Ruta iwe nyongeza.

steshenari_kkoo: Shukrani. Mbili zina RAM ya GB 4, Firefox itabeba?

fundi_waya: Itabeba, tabo zisizidi tano sita. Anza na hizo mbili.