Throto bodi ya pikipiki: kuiosha kila service ni lazima?

Mtoto_wa_Chanika: Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki ya injekta (inapuliziwa petroli, haina kabureta), cc 150, napita vumbi tupu huku Chanika ndani ndani. Silensa (mzunguko wa injini bila kuvuta resi) imetulia, haizimi, mafuta inakula kama kawaida. Nimeipeleka service ya km 18,000, fundi anasema throto bodi (kile kipande kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini) ishushwe kila service, ioshwe kwa petroli na kupulizwa upepo, la sivyo injekta itakufa. Ni kweli au nataka kupigwa?

Kijiwe_Namba_Moja: Unapigwa mchana kweupe. Ya kwangu haijawahi kuguswa na inadunda.

Spana_Kumi: Mkuu, usimsikilize huyo wa kijiwe moja kwa moja, ila na fundi wako kachanganya mambo. Injekta na throto bodi ni vitu viwili. Kwenye pikipiki nyingi injekta inapuliza petroli nyuma ya kile kisahani cha throto bodi kinachofungua na kufunga hewa, upande wa injini, kwa hiyo petroli haikioshi. Weusi unaoganda pale ni mvuke wa oili unaotoka kwenye injini kwa mpira wa kupumulia, unaingia ea klina (chujio la hewa) na kukutana na vumbi. Ukijaza oili kupita alama ndiyo unazidisha.

Kabla ya kushusha chochote, zima injini, chomoa mpira wa upande wa ea klina, fungua resi taratibu na umulike kwa tochi ya simu. Tazama pale ukingo wa kisahani unapokutana na ukuta. Kukiwa na utepe mweusi, na silensa inapanda na kushuka au inazima kwenye foleni, safisha. Bila hivyo, rudishia mpira uendelee na safari.

Na kusafisha kwenyewe: pulizia dawa ya throto bodi kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, ndipo ufute. Usimwagie ndani, kuna sensa za umeme pembeni. Brashi ya waya marufuku. Kisahani usikiachie kikajibamiza, na skrubu yenye rangi nyeupe usiitie bisibisi, hiyo imepimwa kiwandani.

Kijiwe_Namba_Moja: Mbona spreyi ya kabureta tunatumia siku zote haina shida?

Spana_Kumi: Kwenye kabureta sawa. Vitabu vya service vya Honda vinaikataza ndani ya throto bodi, kwa sababu ukuta wake umepakwa molibdeni. Utando ule ukitoka, hewa inapenya pembeni ya kisahani na silensa haikai tena. Hapo utanunua nzima, na bei yake unaijua.

Dada_wa_Vespa: Naongezea. Silensa ikisumbua msikimbilie uchafu tu. Angalieni ule mpira unaounganisha throto bodi na injini, ukikauka unapasuka nyufa ndogo na kuvuta hewa. Na valvu zilipimwa lini? Watu wanaosha throto bodi weee, kumbe valvu zimebana.

Mtoto_wa_Chanika: Nimemulika. Kuna ukahawia mwembamba tu, kisahani kinang'aa. Ila ea klina! Nimeigonga chini likatoka vumbi la kujaza kiganja.

Spana_Kumi: Basi throto bodi iache, hela yako peleka huko. Kama ni ya karatasi yenye unyevu wa oili, usiipulize upepo wala usiifue, nunua nyingine. Kwa vumbi la Chanika usisubiri km za kwenye kitabu, wao wamehesabu lami. Na ule mrija mdogo wenye kizibo chini ya boksi la ea klina, ufungue umwage oili iliyojikusanya.

Mtoto_wa_Chanika: Shukrani mkuu. Silensa isome ngapi ili nijue iko sawa?

Spana_Kumi: Nyingi za cc hizo ni kama mizunguko 1,400 kwa dakika injini ikishapata moto. Thibitisha kwenye kitabu chako. Asubuhi ikiwa ya baridi itasoma juu kidogo, usianze kutafuta fundi.

Kijiwe_Namba_Moja: Kumbe kuna mrija chini ya boksi? Ngoja nikaangalie wangu.