Kamera za kufuatilia chui: mwanga mweupe au infraredi?

Mlinzi_wa_Bonde: Wakuu, kikundi chetu cha kujitolea kinataka kuhesabu chui kwenye ranchi za jamii hapa Laikipia. Pesa zinatosha aina moja tu ya kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita: za mwanga mweupe, au za infraredi (mwanga ambao macho karibu hayauoni). Mngechukua ipi?

MamaMadoa: Mwanga mweupe. Chui mmoja hutofautishwa na mwingine kwa madoa, na picha nyingi za infraredi za usiku hutoka na ukungu mnyama akiwa anatembea: unaona ni chui, hujui ni yupi. Halafu fungeni kamera mbili kila kituo, moja kila upande wa njia, maana madoa ya ubavu wa kulia hayafanani na ya kushoto. Mkipata ubavu mmoja mmoja, chui mmoja mtamhesabu wawili.

Fundi Kichaka: Sawa dada, lakini hapo ni Laikipia. Mwaka 2018 timu ya San Diego Zoo, bustani ya wanyama ya Marekani, ilimnasa kwa kamera chui mweusi kule hifadhi ya Loisaba. Kwa chui wa aina hiyo infraredi ndiyo inayofichua madoa yaliyomo ndani ya weusi. Kule rasi ya Malesia, ambako chui karibu wote ni weusi, watafiti walifunika sensa ya mwanga ya kamera ili idhani ni usiku na ipige infraredi hata mchana, wakaanza kuwatambua mmoja mmoja.

Nyayo_Mbichi: Kuna na suala la wizi. Mwanga mweupe ukimulika njia wanayopita wafugaji usiku, kamera haimalizi wiki. Infraredi ya nanomita 940 haionekani kwa macho. Ya 850 hutoa wekundu hafifu. Ila 940 haimuliki mbali, kwa hiyo isogezeni karibu na njia. Na wazee waambiwe mapema, picha za watu zifutwe.

MamaMadoa: Hoja ya wizi naikubali. Ya chui mweusi pia, ingawa wengi hapo ni wa madoa ya kawaida na ndio mtakaohesabu zaidi. Basi chukueni infraredi yenye kasi ya kupiga picha, mfunge penye njia nyembamba chui apite karibu.

Mlinzi_wa_Bonde: Kimo je?

Fundi Kichaka: Usawa wa goti. Kateni nyasi mbele, zikipata joto la jua na kutikisika kamera hujipiga na kadi ya kumbukumbu hujaa picha tupu. Zielekee kaskazini au kusini, kukwepa jua la asubuhi na jioni. Sanduku la chuma lazima, fisi hutafuna. Na GPS ya vituo msiiweke mtandaoni, majangili nao wanasoma.