Mapigo ya moyo yanazidi 100 nikiwa nimekaa kimya: naomba ushauri

Binti wa Jinja
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nina miaka 22, ninasoma na kumsaidia shangazi dukani. Tangu nianze kuvaa saa inayohesabu mapigo ya moyo, naona yangu hayashuki chini ya 100 hata nikiwa nimetulia, na nikipanda ngazi moyo hunidunda mpaka masikioni. Sina homa wala maumivu ya kifua, ila nachoka upesi. Jirani amenipa vidonge vya propranololi ambavyo mama yake hutumia kwa shinikizo la damu. Je, nivinywe?

Muuguzi, Arua
Marahaba, binti yangu. Tafadhali usivinywe. Ni kweli hupunguza kasi ya moyo, lakini sababu iliyoufanya uende mbio hubaki palepale, na kwa mwenye pumu vinaweza kubana njia za hewa hata akapoteza maisha. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika. Yako yamepita kidogo, kwa hiyo tutafute chanzo. Kwanza hakikisha hesabu yenyewe, maana saa hukosea, hasa ikilegea mkononi. Asubuhi kabla ya chai, kaa dakika tano bila simu wala mazungumzo, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kisha hesabu kwa dakika nzima. Je, hedhi yako ni nzito? Umeugua malaria karibuni?

Mkazi wa Mbale
Ningeuliza pia unakunywa nini, kwa sababu vijana wengi hukesha wakisoma kwa nguvu ya kahawa, mairungi (miraa) au vinywaji vya kuongeza nguvu, na vyote hivyo huharakisha moyo. Wasiwasi na upungufu wa maji mwilini hufanya vivyo hivyo.

Binti wa Jinja
Nawashukuru sana. Kwa mkono nimepata 104. Ninakunywa chai tu. Hedhi ni nzito, hata usiku huamka kubadilisha pedi. Nilikwenda kituo cha afya, wakapima damu wakakuta himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, ni gramu 8.9 kwa desilita, wakanipa vidonge vya madini ya chuma.

Muuguzi, Arua
Basi chanzo kinaelekea kuwa hicho. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na himoglobini isiyopungua 12. Ikishuka, damu hubeba oksijeni kidogo, na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi ili viungo vipate mahitaji yao. Vidonge hivyo usivimeze pamoja na chai, kwani chai huzuia chuma kisifyonzwe. Acha saa moja au mbili zipite. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Ukipata nafuu usiache, bali endelea kwa miezi kama mitatu baada ya damu kurudi kawaida, ili akiba ya mwili ijae. Omba upimwe minyoo ya safura, ambayo hufyonza damu kimyakimya, na umwone daktari kuhusu hedhi hiyo, la sivyo utakuwa unajaza mtungi unaovuja.

Mkazi wa Mbale
Na ikiwa damu itarudi lakini moyo uendelee hivyo?

Muuguzi, Arua
Hapo apimwe homoni za tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, na umeme wa moyo. Kama utotoni aliwahi kuugua koo mara kwa mara na kuvimba viungo, amweleze daktari, kwa sababu hizo huweza kuwa dalili za homa ya rumatiki, ambayo huharibu vali (milango) za moyo na bado inawasumbua vijana wa Uganda. Wanaohitaji uchunguzi zaidi hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Lakini binti, ukizimia, kifua kikibana, pumzi zikikatika, au moyo ukianza ghafla kupiga zaidi ya 150 ukiwa umekaa, usingoje miadi wala majibu yetu hapa: nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiende peke yako.