Mifupa ya ng'ombe wa Ntusi: ifukuliwe sasa au iachwe ardhini?

Mwalimu, Mbarara: Wenzangu, naomba maoni yenu. Kule Ntusi, wilayani Sembabule, Uganda, kuna vilima vilivyotokana na mabaki ya makazi ya kati ya karne ya 11 na ya 15, na ndani yake imo mifupa mingi ya ng'ombe. Mfupa ni madini ya kalsiamu yaliyoshikamanishwa na protini iitwayo kolajeni. Udongo wenye asidi huyeyusha madini hayo, nalo joto la kwetu huivunja kolajeni, na ikishatoweka, kuupima umri wa mfupa kwa kaboni huwa vigumu sana. Mimi naona ifukuliwe kabla haijaoza.

Okello, Lira: Mwalimu, kwa heshima, fedha za umma zina kazi nyingine. Ingekuwa mifupa ya watu ningeelewa, lakini hiyo ni takataka ya jikoni.

Mfugaji, Nyabushozi: Ndugu Okello, neno hilo limenichoma. Babu yangu alimwita kila ng'ombe kwa rangi yake, na alipokufa bihogo wake mmoja, yaani ng'ombe wa rangi nyekundu, hatukula vizuri siku mbili. Isitoshe, mifupa mingi ya Ntusi ni ya ng'ombe wachanga, na mfugaji hachinji wachanga ila zizi lake limejaa. Hao walikuwa watu wenye makundi makubwa, na ushahidi wao ndio huo unaouita takataka.

Okello, Lira: Sikuwadharau ng'ombe, mzee wangu. Sisi Walango nasi tunaoa kwa ng'ombe. Nilisema fedha.

Msaidizi wa wachimbaji, Kampala: Niliwahi kuutoa mfupa wa kale udongoni ukiwa bado na unyevu, mwenzangu akauanika juani, na kabla ya chakula cha mchana ulikuwa umepasuka kwa urefu na kubanduka kama maganda ya kitunguu. Kipande nilichokigusisha ulimi kilinata, dalili kwamba kolajeni ilikuwa imepungua sana. Kwa hiyo, Mwalimu, kufukua si kuokoa. Mfupa hukaushwa kivulini, polepole, na kama mahali pa kuuhifadhi hapajaandaliwa, ni heri ubaki katika udongo uliouzoea kwa karne nyingi.

Mwalimu, Mbarara: Nakubali kwamba pa kuuhifadhi paandaliwe kwanza, lakini asidi haitusubiri.

Mfugaji, Nyabushozi: Habari ya jua na kivuli nimeielewa. Ndugu Okello bado hajaliondoa neno lake.