Muuza flashi na redio ya hapa Mbeya: acheni kutuuzia sauti ya Tim Staffell kwa jina la Freddie Mercury!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa hiyo mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la vichekesho. Hakuna kichekesho hapa.

Kuna jamaa anatangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Songwe. Anauza flashi iliyobandikwa picha ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya rock ya Uingereza, Queen. Tangazo lake linasema ni rekodi adimu za Freddie kabla hajawa maarufu, hazipatikani popote, zimetoka Zanzibar moja kwa moja. Bei 35,000. Ukiwa hapa mjini unaletewa na bodaboda, ukiwa Makambako au Mafinga anaipakia kwenye basi. Sisi wapenzi wa rock wa Mbeya (tupo, na si wachache kama mnavyodhani) tukachanga tukanunua, tuisikilize pamoja tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Freddie, mwaka 1946, Mji Mkongwe, Unguja.

Tukaichomeka. Aisee.

Faili la kwanza limeandikwa "Freddie Mercury, Earth, 1969". Anayeimba humo si Freddie! Ni Tim Staffell, mpiga besi na mwimbaji wa bendi iliyoitwa Smile. Wengine kwenye Smile walikuwa Brian May kwenye gitaa na Roger Taylor kwenye ngoma. Wimbo wameurekodi studio ya Trident, London, mwaka 1969, na ameutunga Staffell mwenyewe. Mwaka huo Freddie alikuwa rafiki yao tu, alisoma na Staffell chuo cha sanaa cha Ealing, akawa anawafuata kwenye maonyesho na kuwaambia wasimame vipi jukwaani na wavae nini. Kuimba na Smile hakuimba. Staffell alipoondoka mwaka 1970 ndipo Freddie akaingia na Queen ikazaliwa.

Najua kosa limeanzia wapi, maana nimeiona picha ya lebo ya sahani ya santuri ya wimbo huo. Smile walitolewa Marekani na kampuni inayoitwa Mercury Records. Muuza flashi kaona neno Mercury kwenye lebo, basi, kazi imeisha, mteja atalipa. Mwaka 1969 hakukuwa na mtu anayeitwa Freddie Mercury duniani! Kulikuwa na Freddie Bulsara. Jina la Mercury kalichukua baada ya kujiunga na Brian na Roger. Kwa hiyo hilo "Freddie Mercury 1969" ni uongo kuanzia kwenye jina lenyewe, kabla hata hujabonyeza.

Na si faili moja. Nyimbo zote za Smile zimo na zote zimepewa jina lake. Hata "April Lady", ambayo anaongoza Brian May, nayo imeandikwa Freddie. Mtu akikuambia wimbo wa Marijani Rajabu kauimba Mbaraka Mwinshehe, wazee pale Mwanjelwa watamfukuza kijiweni kabla hajamaliza sentensi. Kwa nini huku kwenye rock tukubali?

Sasa njooni kwenye lililonitoa machozi ya hasira. Kuna faili limeandikwa "The Hectics, Zanzibar 1963, Freddie akiwa kijana". Wakuu, The Hectics haikuwa bendi ya Zanzibar. Ilikuwa bendi ya wanafunzi wa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, kule India, alikopelekwa Freddie akiwa mtoto mdogo. Na humo Freddie alikuwa mpiga piano, mwimbaji mkuu alikuwa mwenzake. Halafu sikiliza lenyewe: hakuna mkwaruzo wa mkanda, hakuna mwangwi wa ukumbi, hakuna pumzi ya mtu. Sauti iliyomo ni ya Freddie wa miaka ya 80, mtu mzima mwenye masharubu, eti ni mvulana wa shule. Hiyo imetengenezwa na kompyuta. Mtu kakaa na programu, kaichukua sauti ya marehemu, kaiimbisha kitu ambacho hakuwahi kuimba, kaandika Zanzibar 1963 ili sisi Watanzania tuvimbe kichwa na kutoa pesa. Marehemu ameondoka tangu Novemba 1991, hawezi kujitetea!

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni kwamba rekodi za kweli zipo. Chache, lakini zipo, na zina historia tamu kuliko uongo wowote.

Upo mkanda wa Ibex. Ibex ilikuwa bendi ya vijana wa Liverpool, Freddie alijiunga nayo Agosti 1969. Tarehe 9 Septemba mwaka huo walipiga kwenye klabu ndogo ya Liverpool inayoitwa Sink, na rafiki wa bendi akaja na rekoda yake ya mikanda. Freddie alikuwa ametimiza miaka 23 siku nne tu kabla. Humo wanapiga nyimbo za watu, ikiwemo "Rain" ya Beatles, na hiyo "Rain" ilikuja kutolewa rasmi mwaka 2000 kwenye mkusanyiko mkubwa wa kazi zake binafsi. Sauti ya mkanda ni chafu, gitaa linamfunika, ngoma zinagonga kama ziko chumba cha pili. Lakini mtafute yeye humo ndani. Anasukuma koo, anapanda mahali ambapo bado hajajua kushuka, anang'ang'ania noti hadi inataka kupasuka. Huyo ndiye! Hajawa fundi, ila hofu hana hata kidogo. Mimi nikiusikiliza mkanda ule naona mtu anayejenga nyumba bila ramani na anajua itasimama. Usiku huohuo Brian na Roger walikuwepo ukumbini, wakapanda jukwaani mwishoni kupiga pamoja nao, na mkanda ukawa umekwisha. Fikiria. Watatu kati ya wanne wa Queen ya baadaye wako jukwaa moja na hakuna kilichonasa.

Ibex ikabadilika jina ikawa Wreckage, na kuna wimbo wao mmoja wa mazoezi unaitwa "Green", nao umo kwenye mkusanyiko uleule wa 2000. Baadaye, mwanzoni mwa 1970, akapita kwa muda mfupi bendi ya Sour Milk Sea.

Kisha Desemba 1971. Queen tayari wameshampata mpiga besi John Deacon, hawana mkataba, hawana hela. Studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya Wembley, wakahitaji bendi yenye kelele ya kujaribu vyumba na mitambo. Queen wakapiga kelele, malipo yao yakawa kurekodi nyimbo tano bure. Mmoja kati ya hizo tano, "The Night Comes Down", ukaingia kwenye albamu yao ya kwanza ya Julai 1973 kama ulivyorekodiwa pale. Demo hizo, yaani rekodi za majaribio, zote tano zilitolewa rasmi mwaka 2011. Kwenye flashi ya huyu bwana "Liar" ya De Lane Lea imeandikwa "Ibex 1969". Ameipata, ameishika mkononi, na bado ameshindwa kuipa jina lake.

Halafu Larry Lurex. Hapa ndipo nilipojua huyu mtu hajui kabisa anachouza. Wakati Queen wanarekodi Trident kwa saa za usiku ambazo wateja wakubwa hawazitaki, fundi mmoja wa pale, Robin Geoffrey Cable, alikuwa anajaribu kurudisha ule mlio mzito wa Phil Spector, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, akamwomba Freddie aje aimbe. Wakarekodi "I Can Hear Music" na "Goin' Back", Brian na Roger wakisaidia. Kampuni ya rekodi ya EMI wakaitoa sahani mwaka 1973, siku chache kabla ya Queen kutoa wimbo wao wa kwanza, kwa jina la kubuni la Larry Lurex, wakimtania Gary Glitter, mwimbaji aliyevuma Uingereza wakati huo. Haikuuza. Leo wakusanyaji wanaitafuta kwa tochi. Sauti ya Freddie humo ni nyororo, ya juu, imetulia, ukiiweka baada ya mkanda wa Sink huamini kwamba imepita miaka mitatu tu. Nikitaka kumfundisha kijana jinsi mwimbaji anavyokua, namsikilizisha hizo mbili tu kwa kufuatana.

Kwenye flashi "I Can Hear Music" ipo. Imeandikwa "Freddie solo 1985". Rekodi ya kabla ya umaarufu imepelekwa baada ya umaarufu, na zisizo zake zimepewa yeye.

Nilimwandikia kwa heshima kabisa. Nikamwambia kaka, hizi si sauti zake, nirudishie hela au rekebisha majina uendelee kuuza, sina ugomvi. Akajibu: "Mzee, wimbo ni wimbo, nani atajua?" Nikamwambia mimi najua. Akaniblock.

Ningeishia hapo. Lakini wiki iliyofuata nawasha redio asubuhi, moja ya redio zetu za hapa mjini, nasikia mtangazaji anasema leo tunawaletea sauti ya kwanza kabisa ya Freddie Mercury, mtoto wa Zanzibar. Anapiga "Earth". Staffell anaimba, mtangazaji anasema "sikia alivyokuwa na kipaji tangu zamani!" Nikatuma ujumbe. Akasoma za wanaompongeza tu. Nikapiga, akapokea mtu mwingine akaniambia wana chanzo chao cha kuaminika na nisiwaharibie kipindi. Chanzo! Chanzo ni ile flashi, hata mpangilio wa nyimbo ulikuwa uleule.

Jioni mpwa wangu anayesoma Iringa akanitumia: "Shikamoo mjomba, leo nimesikia Freddie alivyoanza, kumbe alikuwa na sauti nzito hivyo." Nitaanzaje na huyo mtoto? Ni wangapi wamesikia asubuhi ile, kuanzia Tukuyu mpaka Chunya, ambao hawana mjomba wa kuwaambia?

Na Tim Staffell je? Yule mzee aliiacha bendi mwenyewe kwa hiari, akahamia bendi nyingine, baadaye akafanya kazi ya kutengeneza modeli ndogo za vipindi vya televisheni, na hakwenda kulialia popote kwamba aliacha utajiri. Walipomwita mwaka 2018 kurekodi upya "Doing All Right" na Brian na Roger kwa ajili ya filamu ya Bohemian Rhapsody, alikwenda akaimba. Kilichobaki cha ujana wake ni nyimbo zile chache za Smile. Hata hizo mnamnyang'anya? Huku Nyanda za Juu?

Msiniambie habari ya "nyimbo za bure mtandaoni, lalamika taratibu". Kama ni bure asiuze 35,000. Na msiniambie kwamba ni mambo ya wazungu. Freddie kazaliwa Unguja, makumbusho yake iko Shangani tangu 2019, watu wanapanda ndege kuja kuiona. Tukitaka kumwita wetu, tujue sauti yake ni ipi.

Ninachotaka kiko wazi. Muuzaji arudishe pesa za watu au atoe orodha iliyosahihishwa, na lile faili la kompyuta alifute leo. Redio isome masahihisho hewani, saa ileile ya asubuhi, imtaje Tim Staffell kwa jina, na safari hii ipige "Rain" ya Ibex kutoka kwenye mkusanyiko rasmi. Mkanda ni mchafu, ndiyo, wasikilizaji watavumilia. Wana masikio.

Mliouziwa Iringa, Njombe, Mafinga, Vwawa, wekeni hapa majina ya mafaili mliyopewa, yaandikeni kama yalivyo. Nitapitia moja baada ya jingine na kusema anayeimba ni nani na kurekodiwa ni mwaka gani. Na mwenye namba ya mhariri wa vipindi wa redio hiyo aje PM, asiiweke hadharani.