Wana Mtaa Mkomani: mdahalo wa Mkunguni

Bi Mwanaisha (katibu): Asalaam aleikum wana mtaa. Mdahalo wa wanaotaka uMCA, yaani ujumbe wa bunge la kaunti, utafanyika Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, tukitoka swala ya alasiri. Wamealikwa sita. Naomba tukubaliane leo tutawaendesha vipi, maana watatu kati yao ndimi zao ni wembe.

Swabra: Waaleikum salaam Bi. Wembe ndio tunaoutaka. Tumechoka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu mgombea wa sokoni angalau anawataja watu kwa majina.

Wakili Zena: Kutaja jina si kosa, Swabra. Swali ni baada ya jina anasema nini. "Fulani ni mwizi" ni maneno matatu ya bure na kesi moja ya ghali. "Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka fulani, ukurasa fulani, yasema malipo ya gati hili hayana stakabadhi, na aliyeidhinisha ni fulani" huo nao ni ukali, tena mkali zaidi, kwa sababu mwenye kutajwa hana pa kukimbilia.

Swabra: Lakini watu hawapigi makofi kwa namba ya ukurasa 😅

Maalim Famau: Watapiga akijua kuisoma. Ukurasa kwanza, jina mwisho. Akianza na jina, kelele za mashabiki zinaufunika ukurasa na hakuna anayeusikia.

Lali wa Spika: Wakili, akimtukana mtu kwenye maiki yangu, mimi nashtakiwa?

Wakili Zena: Anayeanza kuulizwa ni aliyesema. Lakini aliyerekodi na kusambaza naye amechapisha, kwa hiyo ile tabia ya kukata kipande cha sekunde 20 na kukitupa kwenye makundi muache. Kosa la jinai la kukashifu, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha Katiba Februari 2017. Hivyo hafungwi kwa kashfa. Anadaiwa fidia. Mwenye kukashifiwa ana miezi 12 ya kufungua kesi, na anayesema "ni kweli" ndiye wa kuuthibitisha huo ukweli. Ndiyo maana mgombea mjanja huenda jukwaani na bahasha.

Ami Shee: Zena, waeleze hawa vijana na habari ya bungeni, maana wengi wanadhani mjumbe anaweza kusema kitu popote.

Wakili Zena: Ami shikamoo. Kinga ni ya ndani ya Bunge na ndani ya bunge la kaunti. Akivuka mlango hadi Mkunguni, kinga imebaki kwenye kiti.

Ami Shee: Marhaba mwanangu. Na hata ndani ya kiti haikuwa kinga siku zote. Oktoba 1975 Martin Shikuku wa Butere alisema bungeni kwamba kuna wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama tawala cha KANU. Wakubwa wakataka athibitishe. Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, akasema lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili wakawekwa kizuizini, wakatoka Desemba 1978. Huo ndio ukali uliokuwa na bei. Yeo mtu anapiga kelele kwenye gari lenye spika nane kisha anaenda kula biriani.

Swabra: Ami umeniua 🤣

Ami Shee: Na wa pwani walikuwepo. Wale wabunge saba ambao Mwanasheria Mkuu wa zamani Charles Njonjo aliwabandika jina la dada saba wenye ndevu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wawili walikuwa wetu: Mwashengu wa Mwachofi wa Taita na Chibule wa Tsuma wa Kilifi. Hata hapa Lamu, uchaguzi wa katikati ya miaka ya 1970 ulipiganwa kwa tungo zilizorekodiwa kwenye kanda, nyumba kwa nyumba. Upande mmoja ukitunga, wa pili unajibu kwa bahari ile ile na vina. Matusi yenyewe yalikuwa na adabu ya ushairi: ukitaja aibu ya mtu, unajua kanda ya majibu inakuja.

Maalim Famau: Hapo Ami ameligusa. Kujibiwa. Mdahalo bila nafasi ya kujibu ni mkutano wa hadhara tu. Nimepiga hesabu. Tunaanza saa kumi na dakika kumi, tunamaliza saa kumi na moja na dakika arobaini. Ni dakika 90. Utangulizi dakika moja kwa mtu: 6. Maswali manne, kila mmoja dakika mbili kwa swali: 48. Halafu kila mgombea anapewa vijiti vitatu vya rangi, kijiti kimoja ni sekunde 45 za kumjibu aliyemtaja. Hizo ni 13 na nusu. Wasikilizaji dakika 15. Zinabaki saba na nusu za mwendeshaji na za kupotea.

Bi Mwanaisha (katibu): Vijiti vya nini Maalim? Si wanyooshe mkono?

Maalim Famau: Wakinyoosha mkono, mwenye kelele anajibu mara kumi na mpole hajibu hata mara moja. Kijiti kikiisha kimeisha. Utaona mkali anavyoanza kuchagua vita: viwili anavitumia mapema kwa hasira, cha tatu anaanza kukifikiria.

Swabra: Na akiendelea kuongea dakika zake zikiisha?

Lali wa Spika: Nazima maiki. Mikseri yangu ina njia nane: sita za wagombea, moja ya Maalim, moja ya wasikilizaji. Kila njia na kitufe chake. Ila msiniambie nizime kwa ishara ya mkono nikiwa nyuma ya nguzo, niwekeni mbele nimuone mwenye saa. Na ikizimwa, sauti isikatwe ghafla, nashusha kwa sekunde mbili, la sivyo watu wanadhani umeme umekatika na zogo linaanza.

Maalim Famau: Marekani waliyaona haya 2020. Mdahalo wa kwanza wa Trump na Biden, Septemba 29, ulikuwa kukatizana mwanzo mwisho. Wa Oktoba 22 waandaaji wakawa wanazima maiki ya mwengine katika dakika mbili za mwanzo za kila mada, ukasikilizika. Juni 2024 kule Atlanta wakaenda mbali zaidi: maiki inawaka kwa zamu tu, na ukumbini hakuna watazamaji.

Swabra: Kuzima maiki ya mtu si kumnyima uhuru wa kusema?

Wakili Zena: Hapana, ikiwa muda ni sawa kwa wote na amekubali kwa saini kabla. Mwandikieni kanuni ukurasa mmoja, atie saini. Asiyetia saini hapandi jukwaani. Ibara ya 33 ya Katiba inampa uhuru wa kujieleza, na ibara hiyo hiyo inautoa uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki nje ya uhuru huo.

Bi Mwanaisha (katibu): Mstari uko wapi hasa? Hapa petu neno "wabara" halichukui dakika.

Wakili Zena: Nitasema wazi. "Ardhi ya kijiji hiki iligawiwa bila wenyeji kuulizwa, na hati ninazo": ni siasa, tena ni haki yake. "Wabara waende kwao": hapana. Maneno hayo hayo yalikuwa kwenye orodha ya Tume ya Uwiano na Utangamano ya 2022, pamoja na "madoadoa", yaani watu wanaoonekana si wa mahali hapo. Kifungu cha 13 cha sheria ya tume hiyo, ya 2008: faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Na msimu wa kampeni ukifunguliwa kuna kanuni za maadili za IEBC, tume ya uchaguzi, ambazo kila mgombea anafungwa nazo. Ukizivunja kuna onyo, kuna faini, kuna kuzuiwa kampeni. Kipimo changu ni rahisi: analaumu alichofanya mtu, au alivyozaliwa mtu?

Ami Shee: Mtu wa Witu, wa Hongwe, wa Mkunumbi, wote ni wapigaji kura wa kaunti moja. Ukiwatukana wao, ulimi wako umekuwa mkali kwa mnyonge, si kwa mkubwa.

Swabra: Sawa. Sasa maswali ni yapi? Msimlainishie.

Bi Mwanaisha (katibu): Swali la kwanza nimeliandika kwa ajili ya huyo wako wa sokoni. Anasema "nitamng'oa gavana mwezi wa kwanza." Atuambie ana saini za wangapi. Hoja ya kumwondoa gavana inahitaji kuungwa mkono na theluthi moja ya wajumbe, kupita inataka theluthi mbili, kisha inakwenda Seneti. Huko ndiko Nairobi ilikomalizana na Mike Sonko Desemba 2020. Na kaunti yetu ina wadi kumi. Mmoja mwenye sauti ni mmoja.

Swabra: Hilo litamuuma.

Bi Mwanaisha (katibu): La pili: mwezi gani? Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Anayesema atapiga kelele kila siku hajui kwamba kelele za Julai zimekuta pesa zishagawiwa. Mkali wa kweli anapiga kelele Machi.

Wakili Zena: Ongeza hili: ameomba karatasi gani? Sheria ya kupata habari ni ya 2016. Raia yeyote anaandika kwa ofisi ya umma, nayo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Mgombea aliyelalamika miaka miwili kuhusu mradi mmoja na hajaandika barua hata moja, huyo anapenda lalamiko kuliko mradi.

Ami Shee: Na wakumbushwe wavuvi. Ile petisheni namba 22 ya 2012 kuhusu bandari ya Lamu, Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Haikushinda kwa mdomo. Ilishinda kwa ripoti ya athari za mazingira na kwa kuonyesha kwamba watu hawakushirikishwa inavyostahili.

Lali wa Spika: Narudi kwenye vyombo kabla hamjaniacha. Spika zikae mbele ya meza ya wagombea zikiangalia watu, zikikaa nyuma yao maiki zitapiga mluzi. Kusi ikivuma kutoka baharini kila maiki ivae sifongo, bila hiyo mtasikia upepo tu. Jenereta nyuma ya ukuta, petroli lita tano, na waya uvuke juu, si chini. Punda hawajui mdahalo.

Maalim Famau: 😂 Maswali ya wasikilizaji yaandikwe kwenye karatasi, moja kutoka upande wa kina mama, moja upande wa wanaume, kwa zamu. Tukiachia maiki itembee, mtu atahutubia dakika saba na kumalizia "hilo ndilo swali langu."

Bi Mwanaisha (katibu): Barua ya polisi: notisi iwe si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Jina na anwani ya mwandaaji, tarehe, saa, mahali. Ruhusa ya uwanja naifuata mwenyewe kwa wenye Ngome.

Swabra: Ajenti wa yule wa sokoni amenijibu hivi sasa. Anasema bosi atakuja kwa sharti moja: maiki yake isizimwe.

Maalim Famau: Mwambie kanuni ni moja kwa wote sita. Asipokuja kiti kinabaki, na jina lake juu yake. Julai 26, 2022 William Ruto alisimama peke yake jukwaani kwa sababu Raila Odinga hakwenda, na mdahalo ukaendelea.

Lali wa Spika: Asipokuja ile njia yake ya maiki niwape kina mama?

Bi Mwanaisha (katibu): Wape. Swabra, mpe ajenti mpaka kesho adhuhuri. Barua yaenda kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, saa nane.