Tupeane uzoefu: umewahi kumtafuta babu wa enzi za misafara ukakwama kwenye jina?

Wadau, habari za usiku. Kitambulisho changu kinaishia na Mabruki, na hapa Ujiji tunajiita "akina Mabruki" kana kwamba ndio ukoo. Marehemu bibi alisema mzee huyo alivushwa ziwa kutoka Manyema, kule Kongo, akiwa kijana, akapigishwa safari na pembe za ndovu begani hadi Bagamoyo, akarudi, akafia hapa.

Nikaanza kumsaka kwenye habari za wapagazi. Loh! Katika msafara wa Stanley wa 1871 tu, ule uliomkuta Livingstone hapahapa kwetu, Mabruki si mmoja. Yupo hata Mabruki Speke, aliyebandikwa jina la mzungu aliyemtumikia zamani. Ndipo nikaelewa. Mabruki, Baraka, Feruzi, Farahani, hayo ni majina waliyokuwa wakipewa watumwa wakishafika mikononi mwa mabwana. Ninachokiita ukoo ni jina la kubandikwa. La kwao liliishia njiani.

Nyie wenzangu mlifanyaje?

*Mjukuu wa Kengeleni:*
Pole ndugu yangu. Mie wa Frere Town, Mombasa. Wazee wetu waliokolewa majahazini na manowari za Waingereza, wakaletwa kwenye kituo hiki cha misheni kilichoanzishwa 1875, wakabatizwa majina ya Kizungu. Basi kila ofisi naulizwa kama baba ni mzungu! Kwenye rejista ya ubatizo nilimpata babu kwa jina hilohilo la Kizungu, na pembeni neno moja: Myao. Nimetoka na kabila, kijiji sina.

*Mtu wa Unyanyembe:*
Mkuu, si kila mpagazi alikuwa mtumwa, hilo tuliweke sawa. Wanyamwezi wengi walibeba kwa ujira, na kijana asiyewahi kufika pwani alichekwa. Babu yetu alirudi na jina la Kiswahili, kwao wakalikataa. Kwa hiyo waulize wazee jina la utani, mwiko wa nyama na watani wenu ni nani. Karatasi baadaye. Hata yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, nani anamwita hivyo? Wote tunasema Tippu Tip.

*Mpita Njia:*
Mkichimba sana mtakuta babu alikuwa upande wa wenye bunduki, wakamata watumwa. Shauri yenu.

*Mleta mada:*
Mpita Njia, hilo nimelala nalo sana. Likiwa hivyo, nitaliandika hivyo.

Unyanyembe, umenikumbusha kitu. Mwaka jana msibani shangazi alikuwa akilia huku akituita kwa jina nisilolijua. Kesho yake nikamuuliza. Akasema ndivyo bibi yake alivyowalilia wa upande wa Mabruki, yeye mwenyewe maana haijui. Kaniambia nisilitaje ovyo, kwa hiyo hapa siliweki. Kama humu kuna mtu wa Kasongo au Kibombo, kulekule Manyema, mwenye wazee bado hai, anifuate PM.